Kipepeo Mwenye Pindo la Lulu

Great Barr, Birmingham
Mwanzoni mwa Juni

Mdogo wangu Mwadime,

Salamu nyingi kutoka kwa kaka yako aliye mbali. Naomba karatasi hii ikukute umesimama kwa miguu yote miwili, hasa ule wa kushoto ambao barua yako iliulalamikia kurasa mbili nzima. Shemeji je, kifua kimempoa? Na yule ng'ombe mnayemwita Waziri kwa sababu hafanyi lolote ila kula, bado mnaye? Mimi ni mzima. Nina miaka sabini na sita, meno tisa ya kwangu mwenyewe, na magoti yanayotabiri mvua vizuri kuliko redio.

Binti yangu Wakesho ananishangaa kuniona na kalamu. Anasema ningekurekodia sauti kwa simu, mambo yaishe. Nimemweleza kwamba nikikutumia sauti utaifungulia pale dukani mbele ya watu wote, na habari ya leo nataka uisome peke yako, ucheke peke yako, umalize, ndipo utoke nje. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba sisi wawili hatujakua.

Habari yenyewe ni hii: kaka yako anakata miti msituni.

Weka barua chini ucheke. Nitakungoja.

Umemaliza? Haya. Najua unachokikumbuka. Ulikuwa na miaka kumi na saba, nami ni askari wa misitu mpya, kaptula imepigwa pasi hadi mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Nikakukuta na mti begani, boriti ya jiko la mama, nikakutembeza kwa miguu hadi kwa naibu wa chifu. Ukafyeka nyasi za kambi yake wiki mbili. Jioni ile mama aliniwekea mezani chakula kisicho na chumvi. Tangu hapo umekisimulia kisa hicho kwenye kila harusi na kila matanga, na kila mwaka mti unazidi kuwa mwembamba. Mara ya mwisho nilipokuja ulikuwa umeshakuwa fimbo.

Basi niruhusu nieleze kwa utaratibu.

Tangu mama yake Wakesho atutoke, nyumba hii ina viti vingi kuliko watu. Kanisani kwetu kuna mama mmoja Mkongo, Mama Béatrice, mzaliwa wa Lubumbashi, anayekaa upande wa Castle Vale. Ni mjane, ana sauti ya kuamsha mtaa, na daktari alimwambia atembee. (Usianze, Mwadime. Nimesema daktari alimwambia atembee.) Ndiye aliyeniambia kuna kikundi cha watu wa kujitolea kinachokwenda kila Alhamisi kwenye msitu wa Wyre, magharibi ya jiji, kusaidia kipepeo. Kipepeo hakunivuta. Nilichosikia mimi ni neno msitu.

Kipepeo huyo hana jina katika lugha yetu, kwa hiyo nimempa. Juu ni rangi ya chungwa iliyonyunyiziwa wino mweusi. Ukimwona amefunga mabawa, chini yake pembezoni kuna safu ya madoa meupe yanayong'aa, saba kamili, kama pindo la kanga. Ndani ya pindo kuna mengine mawili. Ana binamu yake anayefanana naye, ila yule madoa ni mengi zaidi, kwa hiyo lazima uhesabu. Mimi namwita mwenye pindo la lulu. Zamani alikuwa wa kawaida. Sasa ni wa kutafutwa kwa tochi mchana.

Kiongozi wetu ni Colin, Mwingereza aliyekuwa tarishi, mtu mrefu anayenong'ona hata akiwa barabarani kwa mazoea ya kutotisha wadudu. Siku ya kwanza akanipa msumeno, akanionyesha mti, akanong'ona, "Ukate."

Nikamwuliza, "Kibali kiko wapi?"

Akacheka. Nikamwuliza tena. Alipoona sitanii, alikwenda kwenye gari akaniletea barua ya wenye msitu. Nikaisoma mbele na nyuma, ndipo nikavua koti.

Maelezo ni haya. Viwavi wa kipepeo huyu hula majani ya ua moja dogo la zambarau, na ua hilo linataka jua. Msitu ukijifunga, ua linakufa na kipepeo analifuata. Zamani wakata kuni wa huku walifungua vipande kwa zamu, leo hapa, mwakani pale, na miti yao ina tabia ya kuchipuka upya kutoka kwenye kisiki. Kipepeo akawa anahama nyuma ya mashoka, kutoka uwazi mmoja hadi mwingine. Wazee wa huku walimwita mfuasi wa wakata miti. Watu walipoacha kuni wakawasha gesi, kivuli kikatawala, naye akaanza kutoweka. Kwa hiyo, ndugu yangu, kuna kiumbe hapa duniani ambaye wewe angekufuata, na mimi angenikimbia.

Lakini sikiliza vizuri: barua hii si kibali. Msitu wetu wa milimani si kama huu. Kule ukikata hakirudi kile kile, na vipepeo wetu wanataka kivuli na ukungu. Nakujua. Usiipeleke ofisi ya misitu ukiwa umepigia mstari sentensi unazozipenda.

Msumeno wao ulinichosha mkono siku ya kwanza tu. Nikakumbuka fyekeo langu, lile refu lenye ncha iliyopinda, nililokuja nalo sandukuni miaka arobaini iliyopita nikidhani Uingereza ina nyasi za kufyekwa na watu. Alhamisi iliyofuata nikalifunga kwa gazeti, nikasimama kituoni kungoja basi la kwenda mjini, ili niunganishe hadi Longbridge kwenye gari la kikundi. Gazeti lilikuwa fupi kuliko fyekeo.

Dereva alikuwa Kalasinga mzee, kilemba cheupe. Alifungua mlango, akaangalia gazeti, akaangalia ncha, akaniangalia mimi. Halafu akasema kwa Kiswahili, Mwadime, Kiswahili cha nyuma ya duka:

"Mzee, hiyo kitu ni fyekeo ama macho yangu naharibika?"

"Ni fyekeo."

"Mimi zaliwa Kisumu. Baba alikuwa nayo moja. Sasa wewe napeleka wapi?"

"Msituni. Naenda kuokoa kipepeo."

Nyuma yake mama mmoja alikuwa ameshahamia kiti cha mwisho na mfuko wake.

"Sikia, ndugu yangu," akasema. "Mimi naamini. Lakini hapa iko Birmingham. Wewe ukipanda na hiyo, polisi nakuja kumi na mbili, mimi napoteza kazi, na wewe naenda kusema hiyo maneno ya kipepeo mbele ya jaji. Rudi nyumbani. Weka chini ya kitanda. Salimia kipepeo."

Nilirudi. Wakesho aliposikia alikaa chini kabisa, akashika kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wake akanigombeza kwa Kiswahili, tena fasaha. Kwa hilo tu safari haikuwa ya bure. Tangu siku hiyo natumia msumeno wa Colin.

Baridi ya pili Colin alitugawia vipande. Mimi na Mama Béatrice tulipewa kimoja pembezoni mwa msitu, panapoanza uwanda wa vichaka. Si kikubwa, ungeweza kukilima kwa siku nne, wewe tano. Tulikata miti michanga, tukaacha mialoni, tukafyeka kangaga, yale magugu yenye majani kama manyoya, tukapanga matawi. Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia Colin. Nimekaa nchi hii miaka arobaini, kwenye nyumba za kupanga na kwenye kiwanda cha magari ambacho leo ni maduka, na sijawahi kuwa na kipande cha ardhi ninachojua kila kisiki chake. Hiki najua. Najua hata mahali panapotuama maji. Nikilala nakiona.

Majira ya kuchipua yakaja, na maua ya zambarau yakatokea, mengi. Kipepeo hakutokea. Mwaka wa pili maua, kipepeo hakuna. Ng'ambo ya bonde, kwenye kipande cha wenzetu, walikuwepo wachache. Kwetu hakuna. Mwaka huu, mwezi wa nne, Colin alituita kando. Alinong'ona chini zaidi ya kawaida, nikajua ni mabaya.

"Mikono yetu ni michache," akasema. "Msimu huu ukiisha bila hata mmoja kuandikwa kwenye kipande chenu, itabidi tukiache kijifunge. Nguvu tuzipeleke ng'ambo, waliko tayari."

"Hata mmoja?" akauliza Mama Béatrice.

"Mmoja unatosha. Lakini awe kwenye fomu."

Fomu ndiyo mwenye mali huko. Mara moja kwa wiki mtu anatembea njia ile ile, mchana, kukiwa na jua na joto, kwa mwendo wa polepole na wa sawasawa. Mbele yako unabeba sanduku la kufikirika: hatua kadhaa mbele, hatua mbili na kitu kila upande. Kipepeo akiingia sandukuni unamwandika. Akiwa nje ya sanduku, hata akikupungia mkono, hayupo. Na ukishampita, ukageuka ukamwona nyuma, umechelewa.

Mwanzoni tulitafuta viwavi pia, na hapo palitokea kutoelewana. Colin alitangaza kwamba wiki ijayo tunatafuta viwavi. Mama Béatrice, ambaye kwao kiwavi mkavu ni kitoweo cha wageni, alikuja na bakuli lenye mfuniko, pilipili na vitunguu vimeshakatwa. Colin akapiga magoti kwenye kangaga za kule ng'ambo nusu saa, akatuita kwa kidole, akatuonyesha mdudu mweusi mwenye miiba, mfupi kuliko ukucha wangu.

"Huyu?" akasema Mama Béatrice. "Papa Mghanga, mwambie huyu Muzungu, hii ni mtoto. Amuache akomae."

Nikamwambia Colin kwamba mama anashauri tuwape muda wakue. Colin akafurahi sana, akasema ndiyo maana halisi ya uhifadhi, na hadi leo anamnukuu kwa wageni. Sijasahihisha.

Basi tukaanza kuhesabu. Wiki ya kwanza, sifuri. Ya pili, sifuri. Ya tatu mvua. Ya nne sifuri, na Mama Béatrice akaanza kunishawishi.

"Papa, andika moja. Moja tu. Nani atakuya kuuliza?"

"Siwezi."

"Kule ng'ambo wako kumi. Mmoja wao alipita hapa asubuhi tukilala. Umuandike ule."

"Sikumwona."

"Ah! Wewe ulikuwa polisi?"

"Askari wa misitu."

"Ni ile ile," akasema, akatembea mbele yangu kana kwamba nimemuudhi mzazi wake. Nami nilijiona tena mwenye kaptula yenye mikunjo, na sikujipenda sana.

Wiki iliyopita ilikuwa ya mwisho. Vipepeo hawa hawaishi sana. Juni ikishika, wamekwisha. Colin alikuwa ng'ambo na wenzetu. Tulikuwa wawili tu, Mama Béatrice na fomu, mimi na macho. Jua lilikuwepo, ila mawingu yalikuwa yanapandana upande wa magharibi, na likifunikwa jua kipepeo hujikunja, hesabu imekwisha.

Tulifika katikati ya kipande. Hapo nikamwona. Kulia, kwenye ua la buluu karibu na kisiki, rangi ya chungwa, anafungua na kufunga mabawa kama anayejipepea.

"Yule pale!" akasema Mama Béatrice.

"Yuko nje."

"Nje ya nini?"

"Nje ya sanduku. Kama hatua moja."

"Papa. Sogea kulia hatua moja."

"Njia haigeuki hapa."

Sitakuandikia alichosema baadaye. Kilikuwa cha Kilubumbashi na Kifaransa, na sikuhitaji tafsiri. Tukibaki na mwendo wetu, hatua nane nyingine tungekuwa tumempita. Nilisimama kufikiri, nikakumbuka kwamba kusimama pia hakuruhusiwi, mwendo uwe wa sawasawa. Polepole na wa sawasawa. Nikayarudia maneno hayo. Fomu haikusema polepole kiasi gani.

"Mama Béatrice," nikasema, "kwenu bibi harusi huingiaje kanisani?"

Alinitazama kama niliyepigwa na jua. Kisha akaelewa, na uso wake wote ukafunguka. Akanishika mkono. Tukaanza.

Wewe unawajua wasimamizi wa harusi zetu, wanavyotoka mlangoni wageni wakiwa na njaa na kufika madhabahuni wageni wakiwa wamesamehe. Mguu mmoja mbele, mwingine unaufuata, unagusa, unangoja. Mguu mmoja mbele. Mimi na fulana ya kikundi na mabuti ya tope, yeye na kitenge na kofia ya sufu, tukiyumba kidogo kulia, kidogo kushoto. Alianza kuimba kwa chini wimbo wa kwao wa kumleta bibi harusi, ili tusipotezane mwendo. Magoti yangu yalilia. Hatua moja ya kawaida tuliigawa mara sita. Kama kuna mwendo ulio polepole na wa sawasawa zaidi ya huo, basi ni wa jeneza.

Kipepeo alikuwa anakula. Tukasogea. Akageuka. Tukasogea. Wingu likaligusa jua, akafunga mabawa, Mama Béatrice akaacha kuimba na kunibana vidole hadi vikafa ganzi. Hatukusimama. Wingu likapita. Tulikuwa tumebakiza hatua moja, yaani sita za harusi, kufika usawa wa kisiki. Tano. Nne. Kwenye ya tatu aliinuka.

Akaenda kulia, mbali. Nikasema moyoni, haya, imekwisha. Akazunguka kisiki kingine, akarudi chini chini, urefu wa goti, akakata njia mbele yetu katikati kabisa ya sanduku, akatua kwenye kangaga kavu, akafunga mabawa. Nilihesabu lulu. Saba pindoni. Mbili ndani. Nikahesabu tena kwa sababu macho yalikuwa yameingia maji.

"Andika," nikasema.

Mama Béatrice alipiga kigelegele. Nadhani walikisikia Longbridge. Kipepeo hakujali. Alitambaa chini kwenye kangaga, penye maua ya zambarau, akakunja tumbo, akagusa jani kavu, akasogea, akagusa tena. Alikuwa jike, Mwadime. Alikuwa anataga.

Colin alikuja mbio kwa kigelegele akidhani mtu ameumia. Alisoma fomu pale pale, na akaishia kwenye saa.

"Njia hii inachukua nusu saa," akanong'ona. "Leo mmetumia saa nzima, na bado mko katikati. Mlilala?"

"Hatukulala. Tulikuwa harusini."

Nikamweleza yote, hatua kwa hatua, nikamwambia kama si halali afute, sitalalamika. Alitoa kanuni mfukoni, akazisoma mbele na nyuma, kama nilivyosoma kibali chake. Alichukua muda mrefu. Mama Béatrice alikuwa amekwisha kuchagua ngumi ya kulia. Halafu Colin akasema kwa sauti ya kawaida, mara ya kwanza kuisikia, kwamba pameandikwa polepole, na hiyo ilikuwa polepole. Akaandika chini ya fomu kwa mkono wake: "Mmoja. Jike. Anataga. Kipande kibaki."

Umeniuliza kwenye barua yako nitakuja lini nyumbani moja kwa moja, na kwa nini nisije Mei, mahindi yakiwa machanga. Kila mwaka nimekujibu kwamba huku napita tu, na kila mwaka ilikuwa kweli. Ila mayai yale yakiokoka, watoto wake wataruka Mei ijayo, na lazima awepo mtu wa kuwaandika. Nitakuja Agosti, kusalimia.

Mpe salamu shemeji yangu, mwenye jiko. Msalimie dada yetu mdogo, muuguzi wa zahanati, na mumewe mwalimu. Msalimie mjomba wetu mpiga ngoma ya kanisa, kama bado anasikia, na yule binamu fundi baiskeli, mwambie kofia aliyoniomba imenunuliwa. Wakesho anakusalimia, kwa Kiingereza.

Mimi kaka yako anayekukumbuka,

Mghanga